Kutu ndani ya tangi la pikipiki: kusoma dalili, kufika kwenye chanzo na kulisafisha tangi

Pikipiki ikizima katikati ya mlima, wa kwanza kulaumiwa huwa ni kabureta. Inafunguliwa, inapulizwa, inarudishwa mahali pake, na pikipiki inakwenda vizuri kwa siku tatu au nne, kisha inazima tena. Katika karakana ndogo ninayofanyia kazi Mwanga, mjini Kigoma, niliwahi kuifungua kabureta moja mara tatu ndani ya wiki mbili, ya pikipiki kongwe iliyokuwa ikipanda na kushuka njia ya Manyovu, kabla sijapata akili ya kufungua kifuniko cha tangi na kumulika ndani. Chini kulikuwa na tope la rangi ya tofali la kuchoma. Kosa lilikuwa langu, na fedha za mwenye pikipiki zilikuwa zimekwisha kutumika. Tangu siku hiyo naanza na tangi, kabureta baadaye.

Maelezo haya yanahusu matangi ya chuma, ambayo ndiyo yaliyo kwenye pikipiki nyingi za biashara. Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba kutu haizaliwi na petroli. Kutu inahitaji chuma, hewa na maji, na katika tangi chuma na hewa vimo siku zote, kwa hiyo kinachobaki kutafutwa ni maji. Anayesafisha tangi bila kujua maji yalipitia wapi atakuwa analisafisha tena mvua za mwaka unaofuata.

Kabla ya kushika spana

Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, seuze joto la Kigoma. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo haupai kama moshi, bali hutambaa chini na kufuata mteremko wa sakafu hadi ukutane na moto. Jiko la mkaa la mama lishe lililo hatua kadhaa chini ya kilima ni karibu mno. Kazi hii ifanyike nje, penye upepo, waya wa betri ukiwa umeondolewa na hakuna anayevuta sigara karibu. Kumulika ndani ya tangi kufanywe kwa tochi, na tochi yenyewe iwashwe ukiwa mbali ndipo isogezwe kwenye mdomo wa tangi. Usitumie kibiriti, wala taa ya waya yenye balbu ya moto. Tangi lililomwagwa petroli yote ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu lililojaa lina petroli tupu ndani, na lililomwagwa lina mvuke uliochanganyika na hewa, na mchanganyiko huo ndio unaolipuka.

Injini inakosa nguvu mlimani, kisha inazima

Hii ndiyo dalili inayowaleta wengi. Pikipiki inatoka Mwandiga bila neno, barabara inapoanza kupanda injini inakwama-kwama kana kwamba mafuta yanaisha, na dereva akipunguza mwendo inapata nafuu. Nafuu hiyo ina maana. Mlimani injini hunywa petroli nyingi kuliko tambarare, na njia iliyoziba nusu hupitisha kiasi cha tambarare tu, kwa hiyo bakuli la kabureta hukauka polepole wakati dereva anazidi kuvuta mafuta.

Ugumu wa dalili hii ni kwamba mambo matatu tofauti huileta kwa sura ile ile: kutu iliyoziba chujio la koki (kifungio cha mafuta kilicho chini ya tangi), kutu iliyofika kwenye jeti (kitundu chembamba ndani ya kabureta kinachopitisha petroli), na tundu la hewa la kifuniko lililozibwa na vumbi, ambalo halihusiani na kutu hata kidogo. La mwisho lichunguzwe kwanza, kwa kuwa halina gharama. Pikipiki ikizima, fungua kifuniko cha tangi mara moja na usikilize. Ukisikia hewa ikivutwa kuingia ndani, na injini ikawaka tena baada ya dakika moja bila taabu, tatizo ni tundu la kifuniko. Lizibue kwa waya mwembamba na hewa, na huenda usihitaji kusoma zaidi ya hapa.

Ikiwa hakuna sauti hiyo, vua mpira wa mafuta kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa nyeupe ya plastiki, kisha fungua koki huku kifuniko cha tangi kikiwa wazi. Petroli inapaswa kutoka kwa mkondo usiokatika mpaka chupa ijae. Ikianza kwa nguvu na baadaye ikawa ya kudondoka, chujio lililo juu ya koki, ndani ya tangi, limejaa uchafu. Ikitoka vizuri mwanzo hadi mwisho, kizuizi kiko mbele, yaani kwenye kabureta. Pikipiki chache zina koki inayofunguliwa na mvuto wa injini, na kwa hizo jaribio hili halitoi jibu mpaka injini izungushwe. Usiimwage chupa hiyo. Iache isimame mahali tambarare kwa nusu saa, kwa sababu ndiyo shahidi wako mkuu na tutairudia.

Petroli inamwagika kwenye kabureta, au oili ya injini inanuka petroli

Hapa kutu imefanya kazi ya kinyume: badala ya kuzuia mafuta, imeshindwa kuyazuia. Ndani ya bakuli la kabureta kuna floti inayoinua sindano ili kufunga njia bakuli likijaa. Chembe moja ya kutu, ndogo kuliko punje ya ulezi, ikikaa kati ya sindano na kikalio chake, njia haifungi, na petroli inaendelea kushuka usiku kucha. Sehemu itamwagika chini kupitia mpira wa kutolea ziada, na sehemu huweza kupita kwenye silinda hadi kwenye oili.

Dalili hii isicheleweshwe. Chomoa kijiti cha kupimia oili, kinuse na uangalie kiwango. Ikiwa oili imepanda juu ya alama na inanuka petroli, usipige hata kiki moja; oili iliyochanganyika na petroli haina utelezi wa kulinda beringi na pistoni. Mwaga oili, safisha kabureta, weka oili mpya, kisha funga koki kila unapoegesha mpaka tangi litakaposafishwa. Wapo wanaoifunga koki kila usiku mwaka mzima wakidhani ndiyo matengenezo. Ni desturi nzuri, ila chembe bado zimo tangini.

Inakwenda vizuri hadi uweke akiba

Dalili hii husemwa kwa mshangao, nayo ni rahisi kuisoma kuliko zote. Ndani ya tangi, koki ina njia mbili: moja ni bomba linalosimama juu kidogo ya sakafu ya tangi, na nyingine iko chini kabisa. Koki ikiwa kwenye hali ya kawaida huchota kwa bomba la juu, na ikigeuzwa akiba huchota sakafuni. Lita moja ya petroli ina uzito wa robo tatu ya kilo hivi, na ya maji ni kilo nzima, kwa hiyo maji hulala chini ya petroli pamoja na tope la kutu. Pikipiki inayozima mara tu baada ya kugeuzwa akiba inakwambia kwamba juu kuna mafuta na chini kuna maji. Madereva wengine hulitatua kwa kutofika kwenye akiba kamwe, wakiongeza mafuta mapema kila siku. Wanachofanya ni kuyatunza maji yale pale yalipo, yakiendelea kula chuma.

Chupa inasema nini

Turudi kwenye chupa iliyosimama nusu saa. Mstari unaogawa vimiminika viwili, cha chini kikiwa hakina rangi au kikiwa na weusi wa chai ya rangi, ni maji. Vumbi la kahawia lililotulia chini ni kutu laini. Magamba meusi au ya kahawia iliyokoza ni kutu ya muda mrefu iliyoanza kubanduka ukutani, na hiyo ni habari nzito zaidi, maana chuma kilichokuwa chini ya gamba kimepungua unene. Watu hupenda kutumia sumaku hapa, nami naitumia, lakini jibu lake lina mipaka: magamba meusi huvutwa vizuri, na vumbi la kahawia huvutwa kidogo sana au halivutwi kabisa. Sumaku ikikataa vumbi, usihitimishe kwamba si kutu.

Kuna uchafu mmoja unaofanana na kutu kwa rangi nao si kutu, nao ni gundi ya petroli iliyolala miezi mingi. Pikipiki iliyoachwa uani tangu mwenyewe aliposafiri, tangi likiwa na mafuta robo, mara nyingi huwa na gundi hii. Harufu yake ni kama ya rangi ya mafuta iliyochacha, wala si ya petroli hai. Ukiigusa inanata, na ukiisugua kwa kitambaa chenye thina inayeyuka. Kutu haiyeyuki kwa thina, na gundi haiyeyuki kwa siki. Tofauti hii ndogo ndiyo inayowashinda wengi, kwa sababu tangi lenye vyote viwili, gundi juu ya kutu, likijazwa siki siku mbili litatoka kama lilivyoingia, na fundi atasema siki haina nguvu.

Maji yamepita wapi

Kigoma mvua huanza karibu na Oktoba na kuendelea hadi Mei, na hewa ya kando ya ziwa haikauki sana hata katika miezi mingine. Ndiyo maana wengi hutaja unyevu wa hewa kwanza. Ni kweli kwamba tangi lenye nafasi tupu hupumua: mchana hewa iliyo ndani hutanuka na kutoka, usiku hupoa na kuvuta hewa mbichi, na mvuke wake huganda kwenye kuta za juu. Kutu iliyo juu tu, karibu na dari ya tangi, wakati sakafu ni nzuri, hutokana na hali hii, na dawa yake ni kulala na tangi lililojaa. Lakini usiku mmoja huleta matone machache tu. Ukikuta nusu kikombe cha maji, hayo hayakuletwa na umande.

Mahali pa kwanza pa kuangalia ni kifuniko. Matangi mengi yana kibonde kuzunguka mdomo, na katika kibonde hicho kuna kitundu kidogo kinachopeleka maji ya mvua chini kupitia kibomba. Kitundu kikizibwa na matope, maji husimama pale, na mpira wa kifuniko uliokauka hauwezi kuyazuia. Mimina kikombe cha maji kwenye kibonde huku kifuniko kimefungwa na uangalie kama yanatokea chini ya pikipiki. Yasipotokea, umepata mlango, na mpira mpya wa kifuniko ni bei ndogo kuliko kazi yote inayofuata.

Chanzo cha pili ni petroli ya chupa. Vijijini, ambako kituo cha mafuta kiko mbali, hakuna lawama kwa anayeiuza wala anayeinunua, lakini chupa iliyooshwa na kujazwa kabla haijakauka huingiza maji kila mara, na dumu lililoachwa wazi kwenye mvua huingiza mengi zaidi. Ulazimikapo kuinunua, iangalie chupa kwa mwanga wa jua, iache itulie, na usimimine sentimita ya mwisho. Chanzo cha tatu ni kuiosha pikipiki kwa bomba la presha lililoelekezwa moja kwa moja kwenye kifuniko.

Kutu inayoanzia nje ni habari ya peke yake, na nitaisema kwa ufupi. Wanaobeba chumvi kutoka Uvinza au dagaa wenye chumvi hukuta tangi limeliwa kwenye ukingo wa chini, karibu na kiti, mahali ambapo maji ya chumvi hukusanyika na hayaonekani. Chumvi huharakisha kutu sana. Sehemu hiyo ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi kila jioni ya safari ya namna hiyo, na rangi iliyobanduka ipakwe upya.

Kuliandaa tangi

Mwaga petroli yote kwenye dumu safi lenye mfuniko. Usiipeleke mtaroni, kwa kuwa mitaro ya huku huelekea ziwani. Ikishatulia na kuchujwa kwa kitambaa, itafaa kuoshea vyuma. Vua tangi, kisha uondoe koki, geji ya mafuta na kifuniko, maana asidi utakayotumia hula pia aluminiamu na madini mengine mepesi. Pikipiki mpya zisizo na kabureta zina pampu ndani ya tangi. Hiyo itolewe yote, na kama chujio lake limejaa kutu, libadilishwe. Matundu ya chini yazibwe kwa kipande cha mpira wa tyubu na bati dogo lililokazwa kwa boliti zile zile. Rangi ya nje ipakwe mafuta mazito ya kujipaka au girisi nyepesi, kisha izungushiwe nailoni, kwa sababu siki huacha alama kwenye rangi.

Baada ya hapo tangi linaoshwa kwa maji ya moto na sabuni ya unga, mara mbili au tatu, mpaka maji yatoke bila utando wa mafuta. Hatua hii inarukwa kila siku, na ndiyo inayoharibu kazi. Asidi ni ya majimaji, nayo haiwezi kufika kwenye chuma kilichopakwa petroli na gundi. Palipo na gundi, tangulia na thina, izungushe, imwage, ndipo uje na sabuni. Kipimo ni chepesi: maji ya mwisho yakitandaa ukutani kama shuka, tangi ni safi, yakijikusanya matone matone, bado lina mafuta.

Palipo na magamba, tia nati ndogo za chuma kiasi cha viganja viwili, ukizihesabu kwanza, pamoja na maji kidogo ya sabuni, na ulitikise tangi pande zote kwa robo saa. Wapo wanaotumia kokoto. Kokoto huvunjika na kuacha mchanga kwenye pembe, na mchanga huo utaukuta tena kwenye kabureta. Vipande vya chupa, ambavyo nimeona vikitumika, ni vibaya zaidi. Nati zihesabiwe tena zinapotoka.

Asidi ipi, na kwa nini wakati mwingine inashindwa

Siki nyeupe ya dukani, yenye asidi kiasi cha sehemu tano katika mia, inatosha kwa kutu nyepesi na ya kati. Ijaze hadi mdomoni na uiache saa 24, na kwa kutu nzito hadi siku mbili. Shida yake ni wingi: tangi la lita 11 linahitaji lita 11 za siki. Kwa sababu hiyo mimi hutumia ndimu ya unga, yaani asidi ya sitriki inayotiwa kwenye achari na vinywaji. Gramu 50 hadi 100 katika kila lita ya maji ya moto hufanya kazi ndani ya saa chache, na tangi huangaliwa kila baada ya saa mbili au tatu bila kulala nayo. Malimao halisi nayo yana asidi hiyo hiyo, lakini kukamua lita 11 ni kazi ya mtaa mzima, na heri malimao hayo yaende kwenye dagaa.

Asidi ya betri isitumike. Najua inapatikana kila pembe na inaonekana kufanya kazi kwa dakika chache, lakini haichagui kati ya kutu na chuma kizima, inachoma macho na mapafu, na ile iliyomwagwa kutoka kwenye betri kuukuu ina risasi.

Asidi inapokutana na chuma hutoa mapovu ya hidrojeni, gesi inayowaka. Kwa hiyo mdomo wa tangi ufunikwe kwa kitambaa tu, usikazwe kifuniko, na moto uwe mbali hata kama petroli ilikwisha kuondolewa. Glavu na miwani zivaliwe.

Ikiwa muda umekwisha na kutu ipo palepale, sababu huwa moja kati ya chache. Kama mapovu hayakuonekana kabisa tangu mwanzo, tangi lina gundi au mafuta, na linarudi kwenye sabuni na thina. Kama sakafu imekuwa nyeupe na dari bado ni nyekundu, tangi halikujaa, kwa kuwa asidi husafisha mahali inapogusa tu. Aliyekosa kiasi cha kulijaza aligeuze kila baada ya saa mbili, ubavu mmoja baada ya mwingine. Kama maji yamekuwa meusi au ya kijani iliyokoza na mapovu yamekoma, asidi imechoka, nayo hubadilishwa. Na kama uso umekuwa mweusi kama masizi lakini laini, usiogope, huo ni ukoko mwembamba unaotoka kwa kutikisa maji na nati mara nyingine.

Kutu isiyosikia yote hayo inaweza kuondolewa kwa umeme. Tangi hujazwa maji yaliyoyeyushwa soda ya kufulia, kijiko kimoja cha chakula kwa lita. Kipande cha nondo safi huning'inizwa ndani bila kugusa chuma cha tangi mahali popote, kisha chaja ya betri ya volti 12 huunganishwa, chanya kwenye nondo na hasi kwenye tangi. Ukikosea na kugeuza waya, tangi ndilo litakaloliwa. Soda isibadilishwe kwa chumvi, wala kwa magadi mabichi ya sokoni ambayo huwa na chumvi ndani, kwa sababu chumvi hutoa gesi ya klorini. Nondo isibadilishwe kwa chuma cha pua, ambacho huacha sumu kali kwenye maji. Hidrojeni hutoka hapa kwa wingi, hivyo zima chaja kwenye soketi kwanza ndipo uondoe vibanio, maana cheche ya kibanio inatosha kuilipua.

Tangi lilikuwa jeupe, na baada ya saa moja limekuwa jekundu

Hili ndilo lalamiko la wengi waliofanya kila kitu vizuri hadi hapa. Chuma kilichotoka kwenye asidi kiko uchi, na mabaki ya asidi pamoja na maji ya suuza hukipa kutu mpya ndani ya dakika chache. Dawa ni mpangilio na haraka. Vifaa vyote viwe tayari kabla ya kumwaga asidi.

Asidi ikimwagwa, tia mara moja maji yenye magadi ya kupikia, vijiko vinne vya chakula katika lita kumi, ukimimina polepole kwa kuwa yatatoa povu jingi, na ulitikise mpaka povu likome. Kuwepo kwa chumvi kidogo katika magadi hayo si tatizo ikiwa utasuuza mara moja kwa maji safi ya moto na kumwaga. Maji ya moto hukauka haraka kuliko ya baridi. Kisha nenda kwa mziba pancha mwenye kompresa, mwombe kwanza atoe maji yaliyomo kwenye mtungi wake, maana kompresa nyingi hutema maji pamoja na hewa, ndipo upulize ndani ya tangi mpaka kuta ziwe kavu kwa mguso. Jua la mchana humalizia pembe.

Tangi likiwa bado na joto, mimina mchanganyiko wa petroli na oili ile inayochanganywa na mafuta ya injini za boti, sehemu nne za petroli kwa moja ya oili, lita moja inatosha. Zungusha mpaka kila upande ulowe, kisha umwage. Oili hiyo hupatikana kirahisi Kibirizi, kwa kuwa boti nyingi zinaitumia, na mabaki yake hayadhuru injini ila kutoa moshi kidogo siku ya kwanza.

Mwenye shaka juu ya nguvu ya mafuta dhidi ya kutu amkumbuke Liemba wetu. Wajerumani walipoizamisha meli hiyo mwaka 1916 karibu na mlango wa Mto Malagarasi, mafundi waliipaka mitambo yake girisi nzito kwanza. Iliibuliwa mwaka 1924 ikiwa na mitambo inayofaa kutengenezwa, na mwaka 1927 ikarudi ziwani kufanya kazi. Miaka kadhaa chini ya maji, na kilichoikinga ni tabaka la girisi.

Hata hivyo si kila mafuta yanafaa. Nimeletewa matangi yaliyopakwa mawese ndani. Mawese ni mali ya Kigoma na sina neno nayo jikoni, lakini usiku wa baridi huganda, kwenye hewa hugeuka kuwa utando unaonata, na petroli huubeba utando huo hadi kwenye jeti. Kuhusu rangi za plastiki ngumu zinazouzwa kwa kufunika tangi ndani, ushauri wangu ni kuziacha isipokuwa tangi lina vitundu vidogo kama vya kuchomwa sindano na halina mbadala. Zinashika vizuri juu ya chuma kisafi na kikavu kabisa, na zikipakwa juu ya unyevu hubanduka kwa mapande yanayoziba koki kuliko kutu ilivyoziba.

Kutu imeondoka na vitundu vimeonekana

Wakati mwingine kutu ndiyo iliyokuwa imeziba vitundu, na usafi ukaviacha wazi. Vitundu viwili au vitatu huzibwa kwa kulehemu kwa risasi na bati, kwa chuma cha kulehemia kilichopashwa moto mbali. Usipeleke tangi kwa mchomeleaji kwa kusema tu kwamba limekauka. Mvuke hujificha kwenye mikunjo ya chuma, na tangi lililokaa wiki nzima wazi bado linaweza kulipuka. Lioshwe kwa sabuni na maji ya moto mara kadhaa, kisha lijazwe maji mpaka karibu na mahali pa kuchomelea. Bati likibonyea kwa kidole gumba, tafuta tangi jingine.

Kurudisha na kufuatilia

Badilisha mpira wa mafuta uliokakamaa, safisha koki na chujio lake, fungua kabureta na uoshe bakuli, jeti na kikalio cha sindano, kwa sababu kutu iliyokwisha kupita haikusubiri tangi lisafishwe. Weka chujio dogo la karatasi kwenye mpira wa mafuta, lile la plastiki inayoangaza, ili uone rangi ya kinachokusanyika.

Jaza tangi hadi juu kwa petroli ya kituoni na uendeshe kilomita 50 hivi. Kisha legeza skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta na ukinge petroli kwenye kikombe cheupe. Vumbi kidogo la kahawia mara ya kwanza ni la kawaida. Rudia baada ya wiki moja, na tena baada ya mvua kubwa ya kwanza. Ukiona maji kwenye kikombe siku hiyo ya mvua, acha tangi kwanza, rudi kwenye kile kitundu cha kibonde cha kifuniko ukiwa na kikombe cha maji mkononi.